Joseph Sheldon, daktari aliyewauliza wazee jinsi walivyoanguka

Hamukungu ni kijiji cha wafugaji na wavuvi kilichoko kando ya Ziwa George, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Kimezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na usiku viboko hutoka majini kutafuta malisho. Mzee anayeamka usiku wa manane kwenda chooni, ambacho kwa kawaida kiko nje ya nyumba, ana mambo mawili ya kuhofia: mnyama aliye gizani na ardhi iliyo chini ya nyayo zake. Mnyama akimjeruhi, habari zitafika Kasese mjini kabla ya jioni. Akiteleza mlangoni na kuvunjika nyonga, habari huishia kwa majirani, na maelezo yake huwa mafupi: ni uzee.

Maelezo hayo si ya Hamukungu peke yake. Ndivyo inavyosemwa katika miteremko ya Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, ambako nyumba zimejengwa ubavuni mwa milima na njia ya kwenda kisimani au shambani ni ya kupanda na kushuka. Ndivyo ilivyosemwa pia Ulaya kwa karne nyingi, hata miongoni mwa madaktari. Mzee kuanguka kulihesabiwa sawa na nywele kuwa mvi, jambo lisilohitaji kuulizwa.

Aliyeamua kuuliza alikuwa daktari Mwingereza, Joseph Harold Sheldon, aliyezaliwa mwaka 1893 na kufariki mwaka 1972. Umma wa leo haumkumbuki sana, ila wanaotibu wazee wanamjua, na ni nadra uchunguzi mkubwa wa historia ya tatizo hili usimtaje. Karibu kazi zake zote alizifanya mbali na vyuo vikuu vyenye fahari, katika mji wa viwanda wa Wolverhampton, katikati ya Uingereza, uliojulikana kwa vyuma, makufuli na moshi.

Uzito wa swali lake unaonekana vyema zaidi leo kuliko zama zake. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa majeraha yasiyokusudiwa, ni ajali za barabarani tu zinazoua watu wengi zaidi. Wenye umri wa zaidi ya miaka 60 ndio wanaoongoza kwa vifo hivyo.

Mkusanyaji wa visa

Sheldon hakuanza na wazee. Sifa yake ya kwanza ilitokana na ugonjwa adimu ambao mwili hujilimbikizia madini ya chuma hadi ini, kongosho na moyo vinaharibika, na ngozi ya mgonjwa inageuka rangi. Madaktari wa wakati huo walibishana juu ya chanzo chake. Wapo waliolaumu pombe, na wapo waliolaumu sumu ya madini. Sheldon alifanya jambo lililohitaji subira kuliko kipaji. Alitafuta kila kisa kilichowahi kuandikwa, katika lugha mbalimbali, akavichuja na kubaki na 311. Mwaka 1935 alichapisha kitabu kilichohitimisha kwamba ugonjwa huo ni hitilafu ya kuzaliwa nayo, inayopita katika ukoo.

Hakuwa na maabara ya kuthibitisha hilo. Jeni yenyewe iligunduliwa mwaka 1996, miaka 24 baada ya kifo chake, na ikaonekana kwamba mtu aliyekuwa amekaa na rundo la visa mbele yake aliona sawa.

Njia hiyo ya kukusanya visa kimoja kimoja, bila kuharakia nadharia, ndiyo aliyoihamishia kwa wazee. Fursa ilikuja kwa sababu ya vita. Mwaka 1943 tajiri wa magari William Morris, maarufu kama Lord Nuffield, alianzisha wakfu wa Nuffield, nao ukaunda kamati ya kuchunguza hali ya wazee nchini Uingereza chini ya Seebohm Rowntree, mtafiti mashuhuri wa umaskini. Sheldon aliombwa ashughulikie upande wa afya, katika mji wake mwenyewe.

Tatizo la kwanza lilikuwa kuwapata wazee. Daktari wa hospitali huwaona wagonjwa, na mgonjwa si kipimo cha watu wote. Wazee wa hospitalini wangemwonyesha uzee kuwa ni kitanda na maumivu tu. Lakini nchi ilikuwa bado katika mgao wa chakula, na kila mkazi, mzima au mgonjwa, tajiri au maskini, alikuwa na jina katika ofisi ya mgao. Sheldon alitumia orodha hiyo, akachagua mtu mmoja katika kila 30 miongoni mwa wanawake waliozidi miaka 60 na wanaume waliozidi miaka 65. Waliochunguzwa walikuwa 477. Kisha akafanya jambo ambalo madaktari bingwa wa siku zile hawakulizoea: akawafuata majumbani.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1948 katika kitabu kuhusu uzee na afya ya jamii. Kilikuwa kitabu cha kushangaza kwa wengi. Waliodhani kwamba miji ya viwanda ilikuwa imevunja ukoo walikuta kinyume chake. Wazee wengi wa Wolverhampton waliishi na watoto wao au hatua chache kutoka kwao, na mzigo wa kuwauguza uliwaangukia binti na wake wa wana. Wazee wenyewe, hasa wanawake, walikuwa wangali wakipika, wakifua na kulea wajukuu. Msomaji wa Kasese hatakiona kigeni kitabu hicho. Pengine atashangaa tu kwamba mtu alihitaji kufanya utafiti ili kuyajua hayo.

Ni katika nyumba hizo Sheldon alipoanza kusikia habari za kuanguka. Hazikuwa habari alizoletewa kama malalamiko. Zilitoka pembeni mwa mazungumzo, pale mzee alipoeleza kwa nini haendi tena kanisani jioni, au kwa nini amehamishia kitanda chake chini. Wanawake walianguka zaidi kuliko wanaume. Wengi walisema giza limekuwa adui yao. Wengine walikuwa hawajaumia popote, lakini hofu ya kuanguka tena ilikuwa imewafungia ndani kama kufuli za mji wao.

Maanguko 500

Mwaka 1960, akiwa na umri unaokaribia miaka 70, Sheldon alichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa Uingereza makala iliyobeba jina lake hadi leo. Ilihusu maanguko 500 ya watu 202. Katika ufunguzi wake alieleza kwamba kuanguka kwa wazee kumezoeleka mno, kiasi kwamba watu wamekubali kimyakimya kuwa hakuepukiki, na kwa kukubali huko wameacha kudadisi. Yaliyofuata yalikuwa hesabu.

Maanguko 171, kundi kubwa kuliko yote, aliyaita ya ajali, na mengi katika hayo yalitokea ngazini. Nyumba za wafanyakazi za Uingereza zilikuwa nyembamba na za ghorofa, zenye ngazi kali na mwanga hafifu. Sheldon aligundua kwamba hatari haikuwa katika kupanda bali katika kushuka, na hasa mwishoni. Mzee alishuka salama vidaraja vyote, kisha akaamini kwamba amefika sakafuni ilhali kimesalia kidaraja kimoja. Akakanyaga hewa. Kishikio cha ukutani mara nyingi hakikuwepo, au kilikoma kabla ya ngazi kukoma. Mambo hayo mawili, taa na kishikio, yalikuwa ya fundi seremala na fundi umeme, si ya daktari, na kuyaandika katika jarida la tiba kulihitaji ujasiri wa aina yake.

Maanguko mengine 53 yalitokana na kujikwaa. Hapa Sheldon alitoa maelezo yanayofaa kukumbukwa. Kijana naye hujikwaa, tena mara nyingi, lakini hajui kwamba amejikwaa kwa sababu mwili wake hujirudisha wima kabla hajawaza. Mzee hainui mguu sana anapotembea, kwa hiyo hukutana na ncha ya mkeka au jiwe dogo ambalo mwingine angelipita juu. Akishapoteza mhimili, hana tena wepesi wa kuurudisha. Jiwe ni lilelile. Kilichobadilika ni muda ambao mwili unahitaji kujibu.

Kizunguzungu kilileta maanguko 37. Maradhi yanayojulikana ya ubongo na mishipa ya fahamu yalileta 27, na udhaifu wa mguu 16. Mara 18 shinikizo la damu lilishuka mtu aliposimama ghafla. Kumi walianguka kutoka kitandani au kitini. Ishirini walianguka walipoinua kichwa nyuma, kama afanyavyo mtu anayefikia kitu kilicho juu. Huko Hamukungu rafu ya juu ya jiko la Kiingereza inaweza kuwa haipo, lakini boriti ya kuning'inizia vitu ipo, na shingo ya mzee hukunjika vilevile.

Kundi lililomshughulisha zaidi lilikuwa jingine. Maanguko 125, robo kamili ya yote, hayakuwa na kizunguzungu, hayakuwa na utelezi, wala mtu hakupoteza fahamu. Mzee, mara nyingi mwanamke, alikuwa akitembea au amesimama, na ghafla miguu ikamwachia. Aliporomoka kama mzigo uliokatwa kamba. Akiwa chini alijua alipo, alizungumza vizuri, lakini hakuweza kuinuka, na waliojaribu kumwinua walimwona mzito kupita kiasi. Wapo waliolala sakafuni kwa saa nyingi wakingoja mtu apite.

Sheldon alisikiliza kwa makini jinsi watu hao walivyoinuka hatimaye, na akabaini jambo ambalo hakuna kipimo kingeweza kumwambia. Nguvu zilirudi mara tu nyayo zao zilipokandamizwa kwenye kitu kigumu. Mwenye bahati alijiburuta hadi akaweka nyayo ukutani, akasukuma, na miguu ikawa yake tena. Yeye aliona humo dalili kwamba kasoro iko katika sehemu za chini na za nyuma za ubongo zinazouweka mwili wima, na kwamba mguso wa nyayo huziamsha.

Maelezo hayo ya chanzo hayakusimama yote. Madaktari waliomfuata wamegawa maporomoko ya namna hiyo katika sababu nyingi: mapigo ya moyo yanayokosa mpangilio, mshipa wa shingo unaoshusha shinikizo la damu ukibanwa, magoti yaliyoliwa na baridi yabisi, na hata kuzirai kwa sekunde chache ambako mzee mwenyewe hakumbuki. Hilo la mwisho linagusa udhaifu wa njia yake, kwani alitegemea kumbukumbu za watu wenye umri mkubwa, nazo huteleza kama miguu. Tena alichunguza mji mmoja tu, wenye ngazi zake na baridi yake. Lakini hata wanaompinga huanza na orodha yake.

Nje ya mji wake

Kufikia wakati huo jina lake lilikuwa limevuka mipaka ya Wolverhampton. Chama cha kimataifa cha taaluma ya uzee kilikuwa kimeundwa mwaka 1950 mjini Liège, Ubelgiji, na kongamano lake la tatu lilipofanyika London mwaka 1954, Sheldon ndiye aliyekuwa rais wake. Katika kizazi hichohicho Marjory Warren, daktari wa hospitali ya West Middlesex, alikuwa akionyesha kwamba wagonjwa wazee walioachwa vitandani kwa miaka wangeweza kutembea tena wakipewa mazoezi na vifaa. Wawili hao walishambulia wazo moja kutoka pande mbili. Warren aliwainua waliokwisha kulala, naye Sheldon alitaka kujua kwa nini waliosimama huanguka.

Mwaka 1961 alikabidhi ripoti kuhusu huduma za wazee katika hospitali za eneo la Birmingham. Ilikuwa kali. Aliyaona majengo yaliyorithiwa kutoka enzi za nyumba za maskini, yenye wodi ndefu zilizojaa vitanda, akayafananisha na maghala ya kuhifadhia binadamu. Kwa mtu aliyezoea maneno ya kipimo, hayo yalikuwa maneno mazito, na yalitumiwa kwa miaka na waliodai marekebisho.

Miaka miwili baadaye alichapisha uchunguzi mwingine, safari hii kuhusu kusimama tu. Alipima kuyumba kwa mwili wa mtu aliyeambiwa asimame wima bila kusogea, kuanzia watoto hadi wazee. Hakuna binadamu anayesimama tuli. Mwili wote huyumba kidogo daima na hujirekebisha daima. Watoto wanayumba sana, utulivu unakuja kadiri mtu anavyokua, unadumu katika utu uzima, kisha baada ya miaka 60 hivi unaanza kupotea. Sheldon alikuwa na umri wa miaka karibu 70 alipoandika hayo, na bila shaka alijua yuko upande gani wa mchoro wake.

Hakuishi kuona swali lake likigeuzwa kuwa kinga. Mwaka 1988 daktari Mmarekani Mary Tinetti na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa mwaka mmoja watu 336 wenye umri wa miaka 75 na zaidi wanaoishi majumbani. Karibu theluthi moja walianguka, na kadiri mtu alivyokuwa na sababu nyingi za hatari, kama dawa za usingizi, udhaifu wa miguu na matatizo ya mhimili, ndivyo uwezekano wa kuanguka ulivyopanda. Mapitio makubwa ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mazoezi, hasa ya kutia nguvu miguu na kufundisha mwili kujisawazisha, hupunguza maanguko kwa takriban asilimia 23 miongoni mwa wazee wanaoishi nyumbani. Kuinuka kitini na kuketi tena mara kadhaa bila kutumia mikono, au kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza ya kushika, ni mazoezi yasiyohitaji ukumbi wala pesa.

Tafiti nyingi za aina hiyo zimefanywa katika nchi tajiri, na orodha ya Sheldon haiwezi kubebwa kutoka Wolverhampton na kutuliwa Hamukungu bila kuguswa. Nyumba ya Hamukungu haina ngazi ya ndani. Ina kizingiti, ua ulioteleza baada ya mvua, kamba ya kumfungia ndama, na umbali kati ya kitanda na choo. Katika vilima vya Bwera kuna vidaraja vilivyochongwa kwenye udongo, ambavyo kila mvua hubadilisha kimo chake, na aliyevizoea jana huweza kukanyaga hewa leo, kama yule mzee wa Wolverhampton katika kidaraja cha mwisho. Mkongojo unaofaa ukumbini huzama matopeni. Tochi yenye betri inaweza kuwa kinga kubwa kuliko dawa yoyote. Mzee anayemeza dawa za shinikizo la damu akiamka ghafla usiku, yule aliye wa 18 katika hesabu ya mwaka 1960, anafaa aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Na anayeanguka akashindwa kuweka uzito mguuni, hasa mguu ukionekana umefupika au umegeukia nje, hapaswi kukandwa nyumbani. Hiyo huenda ni nyonga iliyovunjika, na anahitaji hospitali bila kungoja asubuhi ya pili.

Sheldon alifariki mwaka 1972. Alikuwa ameiacha hesabu yake ya maanguko 500 bila kuilazimisha itimie. Baada ya kuyagawa yote katika makundi, yalisalia 23 ambayo mzee hakuweza kuyaeleza na daktari hakuweza kuyakisia. Aliyaandika hivyo hivyo, kuwa sababu yake haijulikani.